UZI: Kuunganisha PostHog, Mixpanel, Amplitude na databesi yako kwa mitiririko ya otomatiki, na kwanini kazi yenyewe inaanza baada ya kuunganisha

Wakuu habari za muda huu.

PostHog, Mixpanel na Amplitude ni zana za takwimu, zinarekodi watumiaji wanafanya nini kwenye tovuti au programu yako, na Postgres ni databesi. Swali la "naunganishaje PostHog na Postgres" linajirudia sana, na majibu yake mara nyingi ni picha ya skrini ya n8n (zana ya kujengea mitiririko ya otomatiki kwa kuunga viboksi) yenye viboksi viwili na mshale katikati, mtu anaambiwa weka ufunguo hapa, weka nenosiri pale, bonyeza, kwisha. Na inafanya kazi kweli, siku hiyo. Shida inakuja pale mtiririko unapokatika usiku katikati ya kazi halafu unaanza upya, au unapokimbia mara mbili kwa kipindi kilekile, asubuhi mtu anafungua dashibodi anakuta waliojisajili wameongezeka ghafla na hakuna hata mmoja ofisini anayeweza kusema kama ni kweli ama si kweli. Kwa hiyo mshale sitaueleza sana. Nitang'ang'ania kitu kimoja ambacho mi naona ndo roho ya kazi yote: mtiririko wako uweze kurudiwa mara yoyote utakayo, kwa saa ileile au siku ileile, na databesi ibaki na data ileile. Ukilipata hilo unalala usingizi.

Kwanza kwanini mtu ahangaike kuunganisha wakati zana ya takwimu ina grafu zake nzuri tu. Sababu ni kwamba kila upande unajua nusu ya habari. Zana kama Mixpanel inajua mtu kabofya nini, kafungua ukurasa gani, kaachia wapi. Databesi yako inajua nani kalipa, nani karudishiwa hela, nani kafunga akaunti. Sasa ukiulizwa "wale waliotumia kipengele cha kuagiza tena ndani ya wiki ya kwanza, wangapi bado wanalipa baada ya miezi mitatu", hapo nusu ya jibu iko huku na nusu iko kule, na ndo maana watu wanaishia kupakua CSV mbili na kuziunga kwenye Excel kila Jumatatu. Hiyo kazi ya Jumatatu ndo tunayotaka ifanywe na mashine.

Kuna njia mbili na tusizichanganye: kuvuta matukio kutoka kwenye zana kuyaleta kwenye databesi, na kusukuma mambo ya kwenye databesi kwenda kwenye zana. Naanza na kuvuta maana ndo yenye mitego mingi.

KUVUTA

Nichukue n8n na PostHog kama mfano maana ndo wengi mnaulizia. Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu: n8n ina nodi (kiboksi) ya PostHog tayari, mtu anafurahi, anaiweka, halafu anatafuta pa kusoma matukio hapaoni. Hapaoni kwa sababu haipo, ile nodi ni ya kutuma tu, unatengeneza tukio, unaunganisha utambulisho, unarekodi ukurasa au skrini, basi. Ukitaka kusoma inabidi utumie nodi ya HTTP ya kawaida uongee na API yao (mlango wa programu kuomba data) mwenyewe, na hapo unahitaji ufunguo binafsi ule unaoanza na phx_, sio ule wa phc_ uliouweka kwenye tovuti. Ule wa phc_ ni wa kutuma matukio na uko wazi kwa kila mtu anayefungua tovuti yako, huu wa phx_ ni siri unasoma data zako, usije ukauweka kwenye kodi ya upande wa kivinjari hata siku moja.

Halafu kuna mtego mtulivu sana hapo. API yao ya kweri (maswali unayoiuliza data) unaiandikia HogQL, ambayo ni SQL tu yenye vionjo vyake, na usipoandika LIMIT inakurudishia mistari 100. Haikupi kosa wala haikatai, inakupa 100 na jibu la 200 (msimbo wa "imefanikiwa") safi kabisa, mtiririko unageuka kijani, unadhani mambo yameenda. Ukiandika LIMIT mwenyewe unaweza kufika 50,000 kwa kweri moja. Kwa hiyo ukiona kila saa zinaingia mistari 100 kamili bila kupungua wala kuzidi, usishangilie kwamba biashara imetulia, nenda kaangalie kweri yako.

Na hata hivyo kwa data nyingi ile API ya kweri sio mahali pake. PostHog wenyewe wana eksipoti za mafungu, unaziweka kwa saa au kwa siku zinapeleka moja kwa moja kwenye hifadhi za data za wingu kama S3, BigQuery, Snowflake na Redshift, au kwenye Postgres. Kama lengo lako ni "matukio yote yaje kwangu", tumia hiyo na n8n ibaki kwa kazi ndogo ndogo za baada ya hapo, mfano kutuma ujumbe kwa timu au kujaza jedwali la muhtasari.

Amplitude wana tabia nyingine. API yao ya eksipoti unaiambia kuanzia saa fulani mpaka saa fulani kwa muundo kama 20250301T05, kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), inakurudishia faili la zip, ukilifungua ndani yake kuna mafaili mengine ya gzip, ukiyafungua nayo ndo unakuta JSON, tukio moja kila mstari. Ukijaribu kuvuta mwezi mzima kwa mpigo ndani ya n8n, kumbukumbu ya seva inajaa na mchakato unakufa, maana n8n inabeba data zote kwenye RAM wakati inafanya kazi. Vuta saa moja moja. Ni polepole lakini kila saa ni kipande kinachojitegemea, ikifeli saa ya tatu usiku unarudia saa ya tatu peke yake.

Mixpanel wao wanakupa mistari ya JSON moja kwa moja, unaomba kwa tarehe, na wana kikomo cha maombi 60 kwa saa kwenye hiyo eksipoti. Google Analytics 4 ndo tofauti kabisa, wao wanakupeleka BigQuery, jedwali moja kila siku, na kwa akaunti ya kawaida isiyolipiwa mwisho ni matukio milioni 1 kwa siku. Kitu ambacho mtu anatakiwa ajue mapema: eksipoti ya GA4 hairudi nyuma. Inaanza siku uliyounganisha. Kwa hiyo hata kama huna mpango nayo leo, iunganishe leo, maana data za mwaka jana hutazipata kwa kulia. Waliopitia kufungwa kwa Universal Analytics, ile Google Analytics ya zamani, tarehe 1 Julai 2023 wanaelewa nasema nini.

JEDWALI GHAFI KWANZA

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Usichukue tukio likaingia moja kwa moja kwenye jedwali lako zuri la "watumiaji" au "mauzo". Liingize kwanza kwenye jedwali ghafi, lilivyo, na JSON yake nzima. Hivi:

```sql
CREATE TABLE matukio_ghafi (
  id_tukio        text PRIMARY KEY,
  jina            text NOT NULL,
  id_mtumiaji     text,
  muda_tukio      timestamptz NOT NULL,
  muda_kupokelewa timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  ghafi           jsonb NOT NULL
);

INSERT INTO matukio_ghafi (id_tukio, jina, id_mtumiaji, muda_tukio, ghafi)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5)
ON CONFLICT (id_tukio) DO NOTHING;
```

Mstari wa mwisho ndo uzi mzima huu. ON CONFLICT ipo Postgres tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, na maana yake ni kwamba tukio likija mara ya pili na kitambulisho kilekile databesi inalipita tu. PostHog kila tukio lina uuid yake, Amplitude na Mixpanel wana insert_id, vyote ni vitambulisho vya tukio, tumia hicho kuwa ufunguo mkuu. Usitengeneze namba yako ya kujiongeza yenyewe ukaifanya ndo ufunguo, maana tukio moja likija mara mbili litapata namba mbili na hapo umeshapoteza njia ya kujua kwamba ni lilelile.

Kwanini JSON nzima ibaki? Kwa sababu wiki ijayo mtu wa bidhaa atakuja kusema "kumbe tulikuwa tunarekodi na aina ya kifaa, tunaweza kuiona?" na kama uliihifadhi ghafi unaandika kweri tu, kama uliitupa unaanza kuvuta upya miezi yote na pengine zana ilishafuta. Diski ni rahisi kuliko majuto.

Angalieni pia hizo $1, $2, $3. Hizo ni vigezo, na nodi ya Postgres ya n8n inavikubali. Naona watu wanaandika INSERT kwa kuunga maneno, wanabandika thamani ya tukio katikati ya alama za nukuu. Kumbukeni nilichosema juu, ule ufunguo wa kutuma matukio uko wazi kwenye tovuti, yaani mtu yeyote duniani anaweza kutuma tukio lenye jina analotaka yeye na sifa anazotaka yeye, ikiwemo kipande cha SQL. Ukikibandika kwenye kweri yako umemfungulia mlango wa databesi. Data inayotoka kwenye zana ya takwimu ichukulieni kama data iliyotoka kwa mtu msiyemjua, maana ndivyo ilivyo.

SAA

Hii ndo inayoongoza kwa kuleta ugomvi wa "mbona namba zako na zangu hazifanani". Kuna mambo matatu humo.

La kwanza, ukiweka n8n kwenye seva yako mwenyewe na usipogusa mpangilio wa GENERIC_TIMEZONE, inatumia saa za New York. Mtiririko uliopanga ukimbie saa sita usiku unakimbia saa sita usiku ya New York, na kule wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hata ukishazoea inakuhama tena. Weka UTC, na kila muda kwenye databesi uwe timestamptz (aina ya muda inayojua saa za eneo), halafu ugeuze kwenda saa za kwenu mwishoni kabisa wakati wa kuonyesha.

La pili, vipimo. Wengine wanatuma muda kwa sekunde, wengine kwa milisekunde, GA4 ni kwa maikrosekunde. Njia ya haraka ya kujua ni kuhesabu tarakimu: muda wa sasa kwa sekunde una tarakimu 10, milisekunde 13, maikrosekunde 16. Ukichanganya utakuta matukio ya mwaka 1970 au ya maelfu ya miaka ijayo, na hayo angalau yanaonekana.

La tatu ndo gumu zaidi kuliona. Tukio lina muda lilipotokea na muda lilipofika, na hizo ni saa mbili tofauti. Mtu anatumia programu kwenye simu akiwa hana intaneti, matukio yanakaa kwenye simu, kesho kutwa anapata mtandao yanamiminika yote yakiwa na muda wa juzi. Sasa kama mtiririko wako unasema "nipe matukio yaliyotokea baada ya saa niliyoishia jana", hayo ya juzi hutayaona maisha. Hayatakupa kosa lolote, hayapo tu. GA4 nao jedwali la siku linaweza kuendelea kubadilika mpaka saa 72 baadaye kwa ajili hiyohiyo.

Dawa yake ni kuvuta kwa dirisha linalopishana. Kila ukikimbia, usianzie pale ulipoishia, rudi nyuma siku tatu au zaidi kulingana na watumiaji wako walivyo, vuta tena. Na kama zana inakuruhusu kuchagua kwa muda wa kufika, chagua huo, Amplitude eksipoti yao inahesabu kwa saa data ilipopakiwa kwao kwa hiyo wao wamekusaidia. Utauliza, sasa nikirudi nyuma siku tatu kila mara si nitajaza nakala? Hapana, ndo maana tuliweka ON CONFLICT. Mnaona jinsi hili la kurudia bila madhara linavyobeba kila kitu.

KUSUKUMA

Upande wa pili, databesi kwenda kwenye zana. Hapa mi nina msimamo: malipo, usajili uliothibitishwa, kurejesha hela, kufunga akaunti, hivyo vitumwe kutoka kwenye seva, sio kwenye kivinjari. Watu wengi wana vizuia matangazo na hivyo vizuizi vinakata pia maombi yanayokwenda kwenye zana za takwimu, kwa hiyo tukio la "amelipa" likitumwa na kivinjari utakuwa na malipo kwenye databesi ambayo zana haijawahi kuyasikia.

Njia ambayo wengi wanaanza nayo ni kusoma kila dakika tano mistari ambayo updated_at yake ni kubwa kuliko ya mwisho. Inaonekana haina neno, ila Postgres now() inakupa muda muamala (fungu la maandishi linalokubalika lote au kukataliwa lote) ulipoanza, sio ulipokamilika. Muamala ulioanza saa 10:00:00 na kukamilika 10:00:40 utaandika 10:00:00. Mtiririko wako ukisoma saa 10:00:20 mstari huo haujaonekana bado, unachukua mwingine wa 10:00:15 unaweka alama hapo, na mara ijayo unaanzia 10:00:15, ule wa 10:00:00 umeshaachwa nyuma daima. Namba za kujiongeza nazo zina ugonjwa huohuo, namba 502 inaweza kukamilika kabla ya 501.

Kwa hiyo ama urudi nyuma dakika kadhaa kila usomapo, ama utumie jedwali la kutoka: ndani ya muamala uleule unaoandika malipo unaandika pia mstari kwenye jedwali la "ya kutumwa", na mtiririko kazi yake ni kusoma yasiyotumwa, kutuma, na kuweka alama. Muamala ukighairiwa mstari wa kutuma unafutika nao, ukikubalika nao umekubalika. Mi napenda hii ya pili hata kama ina kazi zaidi mwanzoni.

Na ukituma, kitambulisho cha tukio kitokane na data yenyewe, mfano malipo-4821-yamekamilika, usizalishe uuid mpya kila unapotuma. Mtandao ukikatika baada ya wao kupokea na kabla wewe hujapata jibu, utatuma tena, na kitambulisho kikiwa kilekile zana inajua ni nakala. Amplitude inaangalia nakala kwa insert_id ndani ya siku 7 kwa kifaa kilekile. Muda nao tuma ule wa mstari wenyewe, usitume muda wa kutuma, la sivyo mtiririko ukilala wikiendi nzima malipo yote yataonekana yametokea Jumatatu asubuhi. Mixpanel hapo wana milango miwili, /track haipokei tukio lililopita siku 5, la zamani unalipeleka /import, ambayo inabeba mpaka matukio 2,000 kwa ombi moja.

Naishia hapo kwa post ya kwanza, ulizeni.

---

> *Mkuu shukrani kwa nondo. Mi natumia Zapier, je haya yote yanawezekana huko au lazima nihamie n8n?*

Karibu sana mkuu. Inategemea wingi. Zapier inahesabu kwa kazi, yaani kila hatua inayofanyika kwa kila kitu kinachopita ni kazi moja, n8n ya wingu inahesabu kwa kukimbia kwa mtiririko mzima hata ukibeba vitu elfu ndani. Make, ile iliyokuwa inaitwa Integromat mpaka 2022, nayo kila moduli inapofanya kazi unahesabiwa. Kwa hiyo "mteja mkubwa akijisajili tuambie kwenye Slack na uandike mstari mmoja kwenye databesi" Zapier inatosha kabisa, usihame. "Leta matukio yote 10,000 ya leo" ukilipitisha moja moja Zapier ni kazi 10,000 kwa hatua moja tu, hapo utaumia. Na wakati mwingine jibu sio hata n8n, ni Airbyte au Fivetran, hizo zimetengenezwa kuhamisha mzigo, zinakumbuka zilipoishia na zinajua kupunguza mwendo zikiambiwa.

> *Nimeweka webhuku kwenye n8n, nikijaribu inapokea vizuri, nikiondoka haipokei tena. Nini shida?*

Webhuku ni anwani ambayo mfumo mwingine unaipigia kukuletea data, na una URL mbili pale, ya majaribio na ya uzalishaji. Ya majaribio inasikiliza muda mfupi tu ukiwa umebonyeza kusikiliza. Chukua ile nyingine na uuwashe mtiririko. Halafu dada, ukishaiwasha, weka uthibitisho juu yake, kichwa cha siri au sahihi, maana URL ikijulikana yeyote anaweza kukumiminia takataka. Na usifanye kazi nzito kabla ya kujibu: pokea, andika ghafi, jibu 200 haraka, kazi nyingine ifuate. Ukichelewa kujibu mtumaji anaona umeshindwa anatuma tena, wewe unazidi kuelemewa, anatuma tena.

> *Kitambulisho cha mtumiaji kwetu ni namba ndefu. Kwenye databesi inaishia na 93 lakini matukio mengine yanakuja inaishia na 92, wengine tunawakosa kabisa kwenye kuunganisha. Nimekagua kodi yote sioni.*

Hii nzuri sana na inawapata wengi. n8n ni JavaScript, na JavaScript namba kamili inazoweza kuzibeba bila kukosea mwisho wake ni 9007199254740991. Ikizidi hapo tarakimu za mwisho zinazungushwa kimyakimya. 9007199254740993 inageuka 9007199254740992, mtu mwingine kabisa. Kitambulisho kipite kama maandishi kuanzia kwenye programu yako mpaka kwenye databesi, usikigeuze namba popote njiani. Na ndo maana kwenye jedwali langu pale juu id_mtumiaji ni text. Yaliyokwisha kuharibika hayarudi kwa hesabu, itabidi uvute upya kutoka kwenye zana yakiwa maandishi, kama kule yaliingia salama.

> *Vipi kuhusu mtu kabla hajaingia kwenye akaunti? Zana inampa jina lake la ajabu ajabu.*

Hapo ndo pa kukaa kidogo. Kabla ya kuingia ana kitambulisho cha kificho kilichotengenezwa na kivinjari, akiingia programu yako inaita identify, na zana inasema huyu na yule ni mtu mmoja. Ndani ya zana inaonekana imeungana vizuri. Lakini mistari uliyokwisha kuvuta jana ina kile kitambulisho cha zamani, na haibadiliki yenyewe kwenye databesi yako. Kwa hiyo unahitaji jedwali la pili, la kuonyesha kitambulisho gani ni cha mtu gani, na hilo unalisasisha kila mara, halafu kuunganisha unafanya wakati wa kusoma. Usirudi kuandika upya matukio ghafi kubadilisha majina, yaache yalivyokuja. PostHog kwenye eksipoti zao wana mfumo wa watu pembeni ya ule wa matukio kwa kazi hii hasa, na wengi wanauruka maana hawajui ni wa nini. Hili jedwali la pili, tofauti na la matukio, linatakiwa DO UPDATE (mstari wa zamani usasishwe) sio DO NOTHING, maana ukweli wake unabadilika.

> *Mimi napinga kidogo. Timu ndogo, watumiaji mia kadhaa, hizi zote za jedwali ghafi na jedwali la kutoka ni uzito wa bure. Script moja ya Python kwenye cron inatosha.*

Mkuu skripti ya Python kwenye cron (kipanga ratiba cha seva) ni mtiririko wa otomatiki kamili, sina ugomvi nayo hata kidogo, na mara nyingi inasomeka vizuri kuliko viboksi 40 vya n8n. Ninachosema hakihusu zana. Skripti yako ikiwa na INSERT tupu bila ON CONFLICT, cron ikiikimbiza mara mbili umeharibu, uwe na watumiaji mia au milioni. Mistari minane ya kuunda jedwali sio uzito. La jedwali la kutoka nakubaliana nawe, kwa wadogo rudi nyuma dakika kumi kila usomapo, inatosha. Ila usipange cron kwenye dakika 0 kamili, kila mtu kapanga hapo na ndo muda API zinaelemewa, weka dakika ya 7 au ya 23. Na ukipata jibu la 429 ("umeomba mara nyingi mno") usigonge tena hapohapo, soma Retry-After, inayokwambia usubiri muda gani, kama ipo, kama haipo subiri sekunde moja, mbili, nne, nane, na uongeze bahati nasibu kidogo juu yake ili maombi yako yasirudi yote kwa pamoja.

> *Databesi yetu kuu ilipungua kasi tangu tuanze hii kitu. Tukaambiwa tuongeze seva.*

Kabla ya kuongeza seva angalia hivi. Postgres kwa kawaida inaruhusu miunganisho 100 tu, mtiririko ukifungua muunganisho kwa kila tukio unaimaliza peke yake na programu yako inabaki nje ya mlango. Tuma kwa mafungu, mistari 500 au 1,000 kwa INSERT moja, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Pili, kweri za uchambuzi zisikimbie kwenye databesi inayopokea oda za wateja, ziende kwenye nakala ya kusoma au databesi nyingine kabisa. Tatu, mtumiaji wa databesi anayetumiwa na n8n asiwe yule mwenye mamlaka yote, mpe INSERT na SELECT kwenye majedwali ya matukio tu, na UPDATE kwenye lile la vitambulisho na lile la kutoka kama unayo. Hili la tatu halihusu kasi ila nimeona niliseme hapa maana karibu kila mtu anaweka nenosiri la mkuu wa databesi kwenye nodi na kusahau.

> *Tunajuaje kama imesimama? Sisi tuligundua wiki mbili baadaye.*

Hitilafu zenye kelele ni rahisi, n8n unaweza kuiwekea mtiririko maalum unaoamshwa mwingine ukifeli, ukatuma ujumbe. Kazi ni ile ya kimya, mtiririko ambao haukukimbia kabisa hauwezi kukutumia hitilafu. Ufunguo umekwisha muda, mtu kauzima kwa bahati mbaya, seva imewaka upya na kazi ya ratiba haikurudi. Kwa hiyo mlinzi akae nje ya mtiririko, na aulize databesi, asiulize n8n:

```sql
SELECT now() - max(muda_kupokelewa) AS ukimya
FROM matukio_ghafi;
```

Ukimya ukizidi saa mbili piga kelele. Halafu mara moja kwa siku linganisha idadi kwa jina la tukio, ya siku ya jana kwa UTC, upande wa zana na upande wa databesi. Matukio uliyoyavuta yanatakiwa yafanane kabisa au yapishane kidogo sana kwa ajili ya yaliyochelewa. Malipo, ambayo ukweli wake uko kwenye databesi, yakipishana hata moja fuatilia hiyo moja mpaka uipate, maana ikipotea moja njia ya kupotelea ipo na kesho zitapita nyingine.

> *Na mtumiaji akiomba data zake zifutwe?*

Ukishavuta, data ziko sehemu mbili, na kufuta kwenye PostHog hakufuti kwako. Jedwali la vitambulisho lile la juu ndo linalokuokoa, maana kwa hilo unampata na vitambulisho vyake vyote vya kificho, unafuta matukio yake yote kwenye ghafi kisha unafuta na mstari wa kwenye jedwali lenyewe. Ila kuna shimo: ufute kwenye zana kwanza, ndo ufute kwako. Ukianza kwako, lile dirisha letu la kurudi nyuma siku tatu litamrudisha usiku huohuo. Na kwa sababu kufuta kwenye zana nyingi hakufanyiki papohapo, weka kajedwali kadogo ka vitambulisho vilivyofutwa na mtiririko ukakague kabla ya kuingiza, hapo utabaki na kitambulisho kitupu bila habari nyingine yoyote ya mtu huyo.

Nakala za akiba za databesi nazo zina hizo data, weka muda wa kuzifuta na uuandike kwenye sera yenu. Na punguza mzigo tangu mwanzo: barua pepe, namba za simu, maneno aliyoandika mtu kwenye kisanduku cha kutafuta, kama huna kweri inayohitaji hivyo usivitume kwenye tukio.

> *Mkuu unaweza kutuwekea mtiririko wenyewe tuupakue?*

Naandaa wa Amplitude kwenda Postgres, wa saa moja moja, nikiuweka nitaondoa funguo zote maana JSON ya n8n haitoi siri zilizo kwenye hifadhi ya vitambulisho lakini ukiwa umebandika ufunguo moja kwa moja kwenye kichwa cha nodi ya HTTP unatoka nao hadharani. Na nyie mliokwisha kushea mitiririko yenu huko kwenye nyuzi nyingine, fungueni yale mafaili mtafute phx_ humo ndani leo, mkiikuta uueni huo ufunguo kwanza, ndo muhariri post.